Roboti ya kutredi: namba nzuri za nyuma zinavyodanganya

Kuanzia vyumba vya wanafunzi Nyegezi hadi vibanda vya Makoroboi, vijana wengi wa Mwanza wanatredi fedha za kigeni na dhahabu kwa simu, yaani wananunua na kuuza wakitafuta faida bei zinapobadilika. Wakishachoka kubahatisha, hutokea mtu wa kuwauzia roboti, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe kwa kanuni. Anakuja na picha ya mstari wa faida uliopanda miaka 5 bila kuyumba. Kufuata kanuni ni jambo jema, nami hulitetea kila ninapofundisha. Ninachokihofia ni ule mstari.

Mfumo wa kanuni hukueleza lini uingie sokoni, lini utoke na uhatarishe kiasi gani, ili woga na tamaa visipate pa kusemea. Mwaka 1983 kule Marekani, watredi Richard Dennis na mwenzake William Eckhardt walifundisha kikundi cha watu kutredi kwa kanuni zilizoandikwa. Mojawapo ilikuwa hivi: nunua bei ikivuka kilele cha siku 20 zilizopita, toka ikishuka chini ya bei ya chini kabisa ya siku 10. Inatosha kwenye kikaratasi.

Sasa iweke kwenye kompyuta, uijaribu kwa bei za miaka iliyopita. Mtu atauliza, kwa nini 20? Basi tuijaribu kila namba kuanzia 5 hadi 100 kwa kuingia, na 5 hadi 50 kwa kutoka. Tayari hiyo ni michanganyiko 4,416. Ukiongeza viwango 10 tofauti vya kikomo cha hasara, yaani bei ambayo ikifikiwa unatoka ili hasara isizidi, inafika 44,160. Kompyuta itaipitia yote na kukuletea mshindi, tuseme kuingia siku 37 na kutoka siku 13, na faida ya kukutoa udenda. Lakini kwenye kundi la michanganyiko 44,160 lazima utapatikana mmoja uliofanya vizuri kwa bahati tu, hata kama bei zingekuwa zinapanda na kushuka ovyo. Picha anazozungusha muuzaji mara nyingi ni za huyo mmoja. Wale 44,159 wengine hukuonyeshwa.

Wavuvi wa dagaa hapa ziwani hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa anga likiwa jeupe taa zao hazivuti dagaa. Kanuni hiyo ina sababu, ndiyo maana imedumu. Na ya kwako iwe na sababu unayoweza kumweleza mtu kabla hujawasha kompyuta. Ile ya siku 20 inayo: habari haziwafikii wote kwa wakati mmoja, na wenye fedha nyingi hununua kidogo kidogo, kwa hiyo bei iliyoanza safari huweza kuendelea nayo. Siku 37 ina sababu gani?

Ukishakuwa na sababu, kuboresha vipimo kunaruhusiwa, ila kwa adabu. Tazama majirani wa namba uliyopata. Kama 37 inaleta faida huku 35, 36, 38 na 39 zikileta hasara, itupe. Kama kuanzia 20 hadi 60 zote zinaleta faida ya kadiri, chukua ya katikati, hata kama siyo iliyoongoza.

Kisha kata data mafungu. Kwa mfano, jengea kanuni kwa bei za 2010 hadi 2018, na za 2019 kuendelea uzifungie kabisa. Ukimaliza kujenga, zifungue mara moja tu. Matokeo yakiwa mabaya, kisha ukarudi kurekebisha kanuni na kuzijaribia tena, fungu hilo halikupimi tena, kwa sababu umeshaliona. Hapa ndipo wengi huanguka, wasomi wakiwemo, maana kutupa kazi ya miezi kunauma. Ninawasihi wanafunzi wangu waitupe.

Gharama nazo zihesabiwe tangu jaribio la kwanza. Kanuni inayoingiza wastani wa pipsi 3 (pipsi ni kipimo kidogo cha kusogea kwa bei ya fedha) kwa muamala, ukitoa spredi, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ya pipsi 1.5 na nusu pipsi ya bei kuteleza kabla agizo lako halijatimizwa, imebaki na pipsi 1. Ongeza kosa la saa, ambalo ni dogo na linaharibu majaribio mengi: soko la London linapofunguliwa saa 2 asubuhi ya kwao, kwetu ni saa 5 asubuhi wakati wa majira yao ya baridi, na saa 4 wakati wa majira yao ya joto, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Roboti iliyoamriwa kuanza saa 5 ya Mwanza mwaka mzima itakuwa imechelewa saa nzima kwa miezi kadhaa.

Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kuna shida nyingine. Hisa za baadhi ya kampuni hupitisha siku bila kuuzwa hata moja. Bei unayoiona ni ya zamani, na jaribio litakuambia umenunua kwa bei ambayo hakuna aliyekuwa tayari kukuuzia.

Halafu kiasi cha kuhatarisha, ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko kanuni ya kuingia. Mfumo unaoshinda mara 4 kati ya 10, na kila ushindi ukilipa mara 2 ya hasara, ni mfumo mzuri. Hata hivyo, ndani ya miamala 100 si ajabu upigwe mara 8 mfululizo. Mwenye Sh500,000 anayehatarisha asilimia 1 kila muamala atabaki na takriban Sh461,000. Anayehatarisha asilimia 10 atabaki na takriban Sh215,000, na atahitaji faida inayozidi asilimia 130 ili arudi alipoanzia. Kikomo cha hasara nacho si ukuta: Januari 15, 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, bei iliruka vikomo vya watu wengi, na wapo waliopoteza zaidi ya walichoweka.

Anayekuuzia roboti muulize maswali haya: ilijengwa kwa data za miaka ipi, ilijaribiwa kwa ipi ambayo haikuiona, na namba zikisogezwa kidogo inakuwaje? Akikwepa, usimlipe. Na dalali au mshauri anayesema ana leseni ya hapa nchini ya soko la mitaji, ulizia jina lake Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla hujamtumia shilingi.