Amplifaya ya gari inajizima? Tazama kwanza ilivyofungwa

Amplifaya ikianza kujizima katikati ya wimbo, wengi hukimbilia kununua feni. Mimi hufungua buti kwanza nione imefungwa wapi na imelalia upande gani. Mara nyingi naikuta chini ya rafu ya nyuma, kichwa chini, mapezi (zile mbavu za chuma za kupozea) yakitazama sakafu, maana hapo haionekani wala haili nafasi. Hakuna mkao mbaya kuliko huo. Hewa ya moto hupanda, na hapo haina pa kutokea, kwa hiyo joto linarudi kwenye bodi ya saketi ndani yake, zilipo kapasita, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme. Kwa hesabu ya mafundi, kila nyuzi 10 za Selsiasi za ziada hupunguza umri wa kapasita kwa nusu.

Na joto lenyewe si haba. Amplifaya ya klasi AB (klasi ni aina ya saketi yake) ikisukumwa sana, karibu nusu ya umeme inaoula huishia kuwa joto: ikitoa wati 400 kwenye spika, wati nyingine kama 400 zinatafuta pa kwenda. Klasi D ina nafuu kubwa, ila nayo haipendi kufunikwa.

Mimi huisimamisha kwenye plaiwudi nyuma ya kiti, mapezi yakielekea juu na chini ili hewa iingie chini itokee juu, na naacha kama sentimita 5 kila upande. Kuilaza sakafuni mapezi yakiwa juu pia sawa, mpaka siku mtu atupie koti. Ukiiweka chini ya kiti, angalia tundu la hita: magari mengi hupuliza miguu ya abiria wa nyuma kupitia hapo hapo.

Juu ya boksi la sabufa sifungi, hata mteja akinuna. Mtikisiko hulegeza skrubu na kupasua lehemu. Ukitazama kwa lenzi utaona ufa mwembamba wa duara kuzunguka mguu wa kifaa.

Imekaa vizuri na bado inachemka? Hesabu omu, yaani ukinzani wa spika: ukipungua mno, amplifaya hulemewa. Sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinabaki omu 2, na amplifaya nyingi zikiunganishwa chaneli mbili kuwa moja (briji) hazivumilii chini ya omu 4. Kisha weka mita kwenye terminali za amplifaya, injini ikiwaka na muziki uko juu, ulinganishe na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au eathi (waya hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari) imefungwa juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae.

Feni huja mwisho. Ielekeze ipulize kufuata mapezi, isiyakate, na iwashwe na waya wa rimoti (ule wa kutoka redioni unaowasha amplifaya) kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, itaendelea kuinyonya hata gari likiwa limezimwa.