Mfarakano wa mchezo na simulizi: maana yake katika ubunifu wa gemu

Katika kibanda kimoja cha gemu Sinza, jijini Dar es Salaam, mvulana wa miaka 12 hivi ameshika pedi na anacheza Grand Theft Auto: San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004 na ambayo mpaka leo haijaisha hamu katika vibanda vyetu. Mhusika wake, Carl Johnson, amerejea mtaani kwao baada ya kuishi mbali kwa miaka mitano, kwa kuwa mama yake ameuawa. Hadithi inamtaka mchezaji atulie kidogo auone msiba huo. Mvulana anabonyeza kitufe, mazungumzo yanakatika, na baada ya dakika chache yuko barabarani na gari la kupora, anagonga wapita njia na kuokota fedha wanazoziacha chini.

Simlaumu. Amelipia muda, mwenye kibanda anaangalia saa, na mazungumzo yenyewe ni ya Kiingereza cha mitaani cha Marekani ambacho hata mtu mzima aliyesoma hukishika kwa taabu. Zaidi ya hayo, gemu ndiyo iliyomfundisha kufanya hivyo. Hadithi imemweleza kwamba Carl amekuja kumzika mama yake na kuirudisha pamoja familia iliyosambaratika, ilhali kanuni zimemwonyesha kwamba mpita njia akiangushwa hutoa fedha. Kati ya kauli hizo mbili, ameiamini ile inayolipa.

Hali hiyo ndiyo tunayoweza kuiita mfarakano wa mchezo na simulizi. Gemu yenye hadithi husema na mchezaji kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni simulizi yenyewe, yaani wahusika, mazungumzo yao, na vile vipande vya filamu vinavyosimamisha mchezo ili mchezaji atazame. Njia ya pili ni kanuni: kitufe kipi hufanya nini, tendo gani huongeza pointi, tendo gani huadhibiwa, na tendo gani halikuwekwa kabisa hata mchezaji alitamani vipi. Njia hizo mbili zikieleza mambo yanayopingana kuhusu mhusika yuleyule, gemu inakuwa na ndimi mbili, na hapo mfarakano umetokea.

Wasomi walikuwa wameligusa jambo hili mapema, kwani tangu miaka ya 1990 watu kama Janet Murray na Espen Aarseth waliandika kuhusu namna ya kuzielewa kazi za kompyuta zinazomtaka mtumiaji atende, na baadaye ukazuka ubishi iwapo gemu isomwe kama hadithi au kama mfumo wa kanuni. Aliyelipatia tatizo hili jina lililobaki ni Clint Hocking, mbunifu wa gemu kutoka Kanada, katika uchambuzi alioandika mwaka 2007 kuhusu BioShock, gemu iliyotoka mwaka huohuo. BioShock inafanyika katika Rapture, mji uliojengwa chini ya bahari na tajiri aliyeamini kwamba kila mtu ajitafutie faida yake bila kubebeshwa mzigo wa mwenzake. Mjini humo mna mabinti wadogo waliobeba mwilini kitu ambacho mchezaji hukihitaji ili kujipatia uwezo mpya. Akimuua binti, hupata kipimo cha 160. Akimwokoa, hupata 80. Kwa kanuni hiyo, falsafa ya mji inawekwa mikononi mwa mchezaji naye anaachiwa aikubali au aikatae.

Upande wa hadithi, hakuna kukataa. Mchezaji hulazimika kumsaidia Atlas, mtu asiyemfahamu anayezungumza naye kwa redio, na asipofuata maelekezo yake hadithi haisogei. Lalamiko la Hocking lilikuwa kwamba mchezaji aliyechagua ubinafsi katika kanuni hujikuta mtumishi mtiifu katika hadithi, wala hakuna mahali alipoulizwa kama anataka. Mimi ningeongeza kwamba anayewaokoa mabinti hulipwa baadaye kwa zawadi, kiasi kwamba wema wake haumgharimu sana, na hivyo hata ule uchaguzi wa ndani ya kanuni umepunguzwa makali. Kufikia mwaka 2016 dhana hii ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba watengenezaji wa gemu ya Uncharted 4, ambayo shujaa wake ni mtu mcheshi na mkunjufu, waliipa jina la dhana hiyohiyo tuzo ambayo mchezaji huipata akishaua maadui 1,000.

Ni lazima hata hivyo tutofautishe. Mhusika kupigwa risasi kisha akapona papo hapo kwa kuokota kisanduku cha dawa si mfarakano, kwa sababu hayo ni mazoea ya sanaa ambayo mchezaji na mtengenezaji wamekubaliana, kama sisi tulivyokubali tangu utotoni kwamba katika ngano fisi anasema na hakuna anayeuliza alijifunzia wapi. Tatizo huanza pale kanuni inapofundisha thamani ambayo simulizi inaikana.

Mapatano ya kanuni na simulizi wengi wetu tuliyaona uwanjani kabla ya kuyaona kwenye skrini. Katika kombolela, mtoto mmoja hutafuta na wengine hujificha. Walioonekana husubiri kama mateka, na aliyebaki mafichoni akiwahi kituoni kabla ya mtafutaji huwakomboa wote. Hakuna anayesimulia chochote. Hata hivyo mtoto anayechungulia nyuma ya ukuta jioni, moyo ukimdunda, huku wenzake wakimsubiri yeye peke yake, yumo ndani ya hadithi ya ukombozi, na hadithi hiyo imetengenezwa na kanuni tupu.

Katika gemu za skrini, mfano ninaoupenda kuliko yote ni Brothers: A Tale of Two Sons ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Josef Fares wa Uswidi. Mchezaji huwaongoza ndugu wawili kwa pedi moja: kijiti na kitufe cha kushoto ni vya kaka, vya kulia ni vya mdogo wake. Mdogo anaogopa maji kwa kuwa mama yao alizama, kwa hiyo kila penye maji hushika mgongo wa kaka yake na kuvushwa. Karibu na mwisho kaka anakufa. Mdogo anafika peke yake kwenye maji, mchezaji anajaribu kitufe alichozoea, na mtoto anagoma. Anayejaribu kubonyeza kile cha kushoto, ambacho tangu kifo hakikuwa na kazi, humwona mtoto akiingia majini na kuanza kuogelea. Kidole ndicho kinachoelewa kwamba kaka bado yumo ndani ya mdogo wake. Hakuna maneno yanayolieleza, na mvulana wetu wa Sinza angelielewa bila kujua neno la Kiingereza.

Sasa tuseme kijana wa hapa Dar es Salaam anataka kutengeneza gemu ya Sungura wa ngano zetu, yule anayewashinda Simba na Fisi kwa akili. Kishawishi cha kwanza ni kufuata gemu alizozizoea, ampe Sungura uwezo wa kuruka juu ya vichwa vya maadui na kuwaponda, kisha aweke maandishi mafupi kati ya hatua na hatua yanayosema kwamba Sungura ni mjanja. Hata maandishi hayo yakiandikwa kwa Kiswahili cha kupendeza, mchezaji atakuwa amecheza na mbabe mwenye masikio marefu. Ujanja hauna budi kuwa ndani ya kanuni. Sungura asiwe na pigo lolote. Kitufe kikuu kiwe cha kusema uongo. Kila mnyama akumbuke alivyodanganywa na azidi kupunguza imani yake kwa Sungura kila mara, mpaka mchezaji afikie mahali ambapo Sungura amepata jambo la kweli la kusema, bonde linaungua moto, na hakuna mnyama anayegeuka kumsikiliza.