Pipa la manjano si lazima liwe la plastiki

Mtu amesimama Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, simu mkononi. Aona pipa la manjano, afungua OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo watu wenyewe huijaza, aandika: plastiki. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia, "Si ni la manjano?" Mapipa mengi hupotoshwa hivyo kwenye ramani.

Dhana: rangi yatosha kukwambia kinachotiwa ndani.

Haitoshi. Brazil ina utaratibu wa taifa tangu 2001: manjano ni chuma, nyekundu plastiki, buluu karatasi, kijani kioo. Uhispania, manjano hiyo hiyo hupokea chupa za plastiki, makopo na pakiti za maziwa kwa pamoja. Kwetu Kenya, sheria ya taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, kila fungu katika chombo chenye lebo na rangi yake. Mafungu mawili, basi. Anayekuja na mafungu manne ya ng'ambo kichwani ataandika yasiyokuwapo.

Ndiyo maana ramani hii ina nafasi mbili mbalimbali. Kinachopokelewa huandikwa kivyake, kwa mfano `recycling:plastic_bottles=yes` au `recycling:cans=yes`. Rangi huandikwa `colour=yellow`. Kujaza ya pili hakujazi ya kwanza. Soma lebo. Kama imebanduka, chungulia ndani, au muulize muuza kahawa aliye karibu. Yeye humwona anayekuja kulimwaga na anajua huondoka na nini.

Dhana: kama ni hivyo, rangi haina kazi.

Ina kazi sana. Mapipa mawili yakiwa ubavu kwa ubavu, rangi ndiyo humwongoza mgeni, mtoto, na asiyejua kusoma. Ila andika ile unayoiona leo, maana jua na chumvi ya bahari hazichelewi kuifubaza, na pipa hupakwa upya.

Dhana: ukiandika manjano, alama itageuka manjano.

La. Ramani ya kawaida huchora alama ile ile kwa mapipa ya aina moja, yawe ya rangi yoyote. Rangi hubaki kwenye data, na mwenye kutaka ramani ya rangi huichota data hiyo kwa Overpass Turbo, tovuti ya kutafutia data ya ramani hii, akaitengeneza ramani yake mwenyewe kwa uMap, tovuti ya kuchorea ramani.

Dhana: kila pipa la taka ni la kuchakata.

Hili laniuma zaidi, kwa sababu anayeumia ni mtu wa miguu. Mama amekusanya chupa gunia zima, amelibeba kutoka mtaa wa Langoni kwa kuamini ramani, kumbe pipa lile likijaa humwagwa jaani pamoja na maganda na nepi. Kipipa cha takataka za njiani ni `amenity=waste_basket`. Kontena kubwa la taka za majumbani ni `amenity=waste_disposal`. `amenity=recycling` ni pale tu vitu vinapopokelewa ili vichakatwe. Ukiwa na shaka, usiandike la mwisho.

Dhana: simu inajua pipa lilipo.

Katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, kuta ndefu za mawe huzuia mawimbi ya setilaiti, na nukta yaweza kurukia ua wa jirani. Isogeze kwa mkono ukifuata kona, mlango wa msikiti au baraza. Usinakili kutoka Google Maps; leseni hairuhusu.

Ukipita tena, tia `check_date`, yaani tarehe ya kukagua, ya siku hiyo. Pipa likiwa limeondolewa, lifute hapo hapo, kabla mwenye gunia hajatoka nyumbani.