"Huyo Mdudu Ana Meno?" Kumweleza Mtoto Saratani ya Ini

Mara nyingi ninapoitwa kumweleza mtoto kwamba ana saratani ya ini, nakuta mdudu amenitangulia. Wazazi wamemwambia, kwa huruma tu, kwamba kuna mdudu tumboni na daktari atamtoa. Mtoto mmoja wa miaka 6 alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza: "Dokta, huyo mdudu ana meno?" Kumbe kwa wiki nzima alikuwa halali. Alikuwa amekaa macho gizani, ameshika tumbo, anasubiri kutafunwa.

Tangu siku hiyo mdudu simtaki kabisa. Ubaya wake hauishii kwenye meno. Mdudu huingia mwilini kwa njia fulani, kwa hiyo mtoto anaanza kujichunguza: nilikula nini, sikunawa mikono siku gani, nilimeza nini mama aliponikataza? Tena mdudu hutambaa. Dada yake anaacha kunywea kikombe kimoja naye, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Neno moja tulilolitoa kwa upole limezaa lawama na woga wa kuambukizwa, na sisi wakubwa tunadhani tumemfichia makali.

Kwa hiyo nasema saratani, jina lake lenyewe. Mtoto atalisikia tu, iwe wodini, kwenye simu ya shangazi, au kwa mwenzake wa kitanda cha pili. Akilisikia kwangu kwanza, nami nikiwa nimeketi mbele yake na sina haraka, linakuwa neno la kawaida lenye maelezo. Akilinasa mlangoni wakati watu wananong'ona, linakuwa siri. Lakini nakiri kwamba mimi pia nimewahi kuteleza. Kwa kupenda kwangu elimu ya maneno, nilimweleza msichana mmoja kwamba saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mwenye magando. Usiniulize usiku wake ulikuwaje.

Jambo ambalo wazazi hushangaa kulisikia ni kwamba mgonjwa wangu mara nyingi hawezi kuelezwa chochote kwa maneno. Saratani ya ini inayowapata zaidi watoto wadogo huitwa hepatoblastoma. Ni nadra, kama mtoto 1 au 2 katika kila watoto milioni moja kwa mwaka, na wengi huugua kabla ya kufikisha miaka 3. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu humwelezi seli. Unamwonyesha bomba la dawa kwa mwanasesere, unamwacha aguse bandeji, unahakikisha mtu anayemjua ndiye aliyempakata. Maelezo yenyewe ninayatoa kwa kaka na dada zake, na kwa yeye mwenyewe miaka kadhaa baadaye, atakapoanza kuuliza lile kovu lilitoka wapi. Wakubwa kidogo, hasa waliofikia balehe, hupata aina nyingine inayofanana na ile ya watu wazima, ambayo wakati mwingine hutokana na homa ya ini B. Hao tunakaa nao kama watu wazima wafupi.

Naanza na mkono. Weka kiganja upande wa kulia, hapo mbavu zinapoishia. Vuta pumzi. Hapo ndani, chini ya mbavu, ndipo ini lilipo. Hakuna kiungo cha ndani ya mwili kinacholifikia kwa ukubwa. La mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Chakula kikishasagwa, damu inakibeba moja kwa moja hadi kwenye ini, nalo linachambua: sukari hii tuweke akiba, sumu hii itoke, hiki tutengenezee dawa ya kugandisha damu ukijikata. Pia linatengeneza nyongo, ambayo hukaa kwenye kifuko kilichojibanza chini yake. Wahenga walilijua hilo vizuri, ndiyo maana mpenzi asiyebanduka akaitwa nyongo mkalia ini. Watoto hucheka hapo, na mtoto aliyecheka anasikiliza.

Halafu naingia kwenye seli. Nawaambia ini limejaa mafundi wadogo sana wasioonekana kwa macho. Fundi mchanga anatakiwa akue, ajifunze kazi yake, kisha atulie. Katika hepatoblastoma kuna mafundi waliogoma kukua. Wamebaki kama walivyokuwa tumboni mwa mama, hawafanyi kazi, lakini wanaendelea kuzaana, na kwa kuwa ni wengi wamejirundika na kuwa uvimbe. Ndiyo maana tumbo limekuwa kubwa na gumu. Mfano huu naupenda kwa sababu haudanganyi: seli zenyewe, ukiziangalia kwa hadubini, zinafanana kweli na za ini changa. Tena zinatoa protini ileile ambayo ini la mtoto aliye tumboni hutoa, inayoitwa AFP. Kwa kawaida hupungua sana baada ya kuzaliwa. Kwa mgonjwa wetu inaweza kuwa laki kadhaa, na dawa zikifanya kazi inashuka wiki baada ya wiki. Mtoto anayejua kusoma namba mwachie achore mstari wake mwenyewe unavyoteremka. Nimeona watoto wakisubiri jibu la kipimo hicho kama wanavyosubiri matokeo ya mpira.

Hapo, bila kusubiri niulizwe, nasema: hukufanya kosa lolote. Mama hakukosea alipokuwa na mimba yako. Dada yako hakukuletea uvimbe siku aliyokupiga tumboni. Haiambukizi, mnaweza kulala kitanda kimoja. Nasema hivyo hata kama mtoto anatazama dirishani kana kwamba hasikii.

Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, inahitaji maelezo marefu kuliko upasuaji, kwa sababu ndiyo inayomchosha zaidi na mara nyingi ndiyo inayotangulia. "Kwa nini msiukate uvimbe leo?" Kwa sababu tunataka kwanza usinyae, ujitenge na mishipa mikubwa ya damu, ili daktari wa upasuaji apate njia. Dawa kuu ni sisplatini, na ndani yake kuna platinamu, madini ya thamani yanayotengenezewa pete. Uwezo wake wa kuzuia seli zisigawanyike uligunduliwa kwa bahati katika miaka ya 1960, mwanasayansi Barnett Rosenberg alipokuwa akipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria. Nyingine ni doksorubisini, nyekundu kama sharubati. Hii mweleze mapema: mkojo utakuwa mwekundu, na siyo damu. Mtoto asiyeambiwa atakiona chooni peke yake.

Nywele zitatoka na zitaota tena. Kutapika kuna dawa yake. Mdomo unaweza kupata vidonda. Haya wazazi wanayajua, sitakaa nayo.

Ninachokaa nacho ni masikio. Sisplatini inaweza kuharibu usikivu usirudi tena, na sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza: filimbi, ndege, na zile herufi s na f katikati ya neno. Mtoto wa miaka 2 hawezi kusema "sisikii." Ataonekana mkaidi tu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa watoto wenye hepatoblastoma isiyosambaa, ambapo baadhi walipewa thiosalfeti ya sodiamu, dawa ya kukinga masikio, saa 6 baada ya sisplatini. Waliopoteza usikivu katika kundi hilo walikuwa asilimia 33, na katika kundi lililopata sisplatini peke yake asilimia 63. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa kazi hiyo. Mzazi, iulizie. Na masikio yapimwe kabla na katikati ya matibabu, siyo baada ya mwalimu kulalamika.

Upasuaji una mitego miwili ya lugha. Wa kwanza ni "utalala." Tunamwambia mtoto babu amelala usingizi wa milele, halafu tunamwambia kesho daktari atamlaza. Ajue vipi ni usingizi upi? "Nusu kaputi" nalo halisaidii. Mimi nasema: "Ni usingizi wa dawa, siyo wa usiku. Dawa ikiwa inaingia huamki na husikii maumivu. Tukiizima unaamka, na kuna daktari ambaye kazi yake nzima ni kukuangalia wewe na dawa hiyo." Mtego wa pili ni kukatwa maini. Kwa wakubwa ni kuvunjwa moyo. Kijana wa miaka 11 aliniambia kwa uso mkavu, "Kwa hiyo mtanikata maini kwelikweli." Tulicheka wote wawili, kisha tukazungumza mambo ya maana.

Habari nzuri ya ini ni kwamba linakua tena. Hata theluthi mbili zikiondolewa, kipande chenye afya kilichobaki kinaanza kuongezeka ndani ya siku chache, na baada ya wiki au miezi kinakaribia ukubwa wa mwanzo. Ila usimwambie mtoto ni kama mkia wa mjusi. Kipande kilichokatwa hakichipui pale pale. Kile kilichobaki ndicho kinachonenepa na kushika kazi yote. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mtoto anayeogopa kwamba uvimbe nao utachipua.

Uvimbe ukiwa umeenea sehemu zote za ini, basi ini zima hutolewa na kupandikizwa jingine. Mwaka 1967 daktari wa upasuaji Thomas Starzl alimpandikizia ini msichana mdogo mwenye saratani ya ini, akaishi zaidi ya mwaka, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwaka 1989 huko Brisbane, Australia, daktari mwingine, Russell Strong, alitoa kipande cha ini la mama akampa mwanawe. Watoto huelewa hili haraka kuliko wakubwa: kipande cha mama kitakua kwangu, na kilichobaki kwa mama kitakua kwake. Wasichokipenda ni kuambiwa kwamba dawa za kuutuliza mwili usikikatae zitaendelea muda mrefu, pengine maisha yote. Waambie hata hivyo.

"Nitakufa?" Swali hili huja mara nyingi usiku, tena kwa muuguzi. Usikimbilie "hapana." Muulize kwanza kilichomfanya awaze hivyo, pengine jirani yake wa kitanda hakurudi. Kisha sema unachokijua. Ikiwa ni hepatoblastoma ambayo haijasambaa, na matibabu yakikamilika, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 hupona, na hilo nalisema kwa furaha. Ikiwa hali ni nyingine, nasema: "Ugonjwa huu ni mkubwa. Tunatumia dawa tunazoziamini. Zikiacha kufanya kazi nitakuambia, sitakuficha." Ahadi ya mwisho ndiyo ninayoweza kuitimiza.

Baada ya upasuaji swali linalorudi kuliko yote ni jepesi: uvimbe uko wapi sasa? Mmoja aliuliza kabla hata hajamaliza kuzinduka. Nikamwambia uko maabara, ndani ya chombo, na kuna daktari anaukata vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvitazama kwa hadubini, kuona kama dawa iliuua na kama kingo ni safi, hazina saratani.

Akafikiri. "Anautazama peke yake?"

"Na mwenzake."

"Sawa," akasema, akafumba macho.