Lisansi ya urubani si lisansi ya UNILU

Hapa Lubumbashi kila mtu anajua lisansi ni nini: shahada ya chuo kikuu, kama ile ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Zamani ulisoma miaka 3 ukapata graduat, cheti cha kwanza cha chuo, ukaongeza 2 ukawa lisansie; siku hizi, kwa mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), lisansi yenyewe ni miaka 3. Siku ya matokeo unamwagiwa pauda kichwa kizima, na jina la lisansie halikutoki tena. Kwa hiyo mzazi akisema "kijana wangu anatafuta lisansi ya urubani", watu wanapiga hesabu ileile: atasoma, atamaliza, kitabaki kuajiriwa. Nimeyasikia hayo mara nyingi, na juzi nimeyasikia kwa mtu anayepokea karo za watoto wa watu. Hapo ikabidi niandike.

Lisansi ya urubani ni ruhusa ya serikali ya kufanya kazi fulani kwenye ndege. Basi. Shule haiitoi. Inatolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwetu Kongo Autorité de l'Aviation Civile, na kanuni zake za msingi zimo katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga. Shule inakufundisha na kukupa cheti cha kumaliza. Kwa cheti hicho peke yake hurushi hata kindege cha Cessna.

Tofauti inayonikera zaidi ni hii: lisansi ya sheria ya mwaka 1998 bado ni lisansi leo, hata kama mwenyewe anauza saruji. Ya rubani wa biashara inalala. Cheti chake cha afya kwa kawaida kinadumu miezi 12, na akipita umri wa miaka 60 kinakuwa miezi 6, kikiisha, harushi. Hata akiwa mzima kama chuma, hawezi kuwa kapteni wa safari kama hajapaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Tena lazima awe na kibali cha aina ya ndege yenyewe. Anayetaka kurusha Boeing 737-800, kama zile Air Congo ilizoanza nazo mwaka 2024, anasomea hiyo hiyo kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege, na kufanyiwa mtihani. Aliyesomea Airbus A320 anaanza upya. Mzazi aliyekwisha kuuza kiwanja haambiwi habari hiyo mapema.

Halafu kuna saa za angani. Lisansi ya rubani binafsi inaanzia saa 40, ya biashara saa 200 (au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa), na ile ya juu, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 ndiko vijana wengi wanakokwama. Wanaobahatika wanajaza kitabu chao cha saa kwa kurusha ndege ndogo kama Caravan au Let 410 kwenye viwanja vya udongo, na hiyo ni shule pia, hata kama haina sherehe ya pauda.

Fundi wa ndege naye ana lisansi, lakini inataka mikono: miaka 4 ya kazi, au 2 kwa aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Kontrola anayeongoza ndege kutoka mnara wa Luano, uwanja wetu wa ndege, anahitaji yake pia, na umri usiopungua miaka 21. Mhudumu wa ndani ya ndege hayumo kabisa katika orodha ya Kiambatisho cha 1, ingawa nchi nyingine zina cheti chao; wa kupokea mizigo na tiketi hayumo pia. Hizo ni kazi halali zenye mshahara. Anayekutoza pesa ili akupe "lisansi ya aviasyo" (ya usafiri wa anga) kwa ajili ya kazi hizo ndiye wa kuulizwa vizuri.

Basi papa, mama, shule ikikuahidi lisansi, uliza kwa upole: ni ya kazi gani, inasainiwa na nani, na karo hiyo inalipia saa ngapi za angani?