Wacha kubana kwanza

Kuna mama aliingia kwa chumba changu majuzi, akaangalia kiti, akakalia nusu. Kalio moja kwa kiti, lingine hewani, mkoba mapajani. Ukikaa na hii kazi unajifunza kusoma mtu anavyokaa hata kabla hajafungua mdomo, na nikajua tu hapa kuna stori ndefu. Miaka 3 tangu azae mtoto wa pili, uchungu huko chini, tendo la ndoa limegeuka adhabu, mkojo kila saa, na dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, amemeza mpaka anazitaja majina moja moja kama wajomba zake. Halafu akaniambia, tena kwa fahari kabisa, "Lakini daktari, kegeli, yale mazoezi ya kubana misuli ya huko chini, nafanya 200 kila siku, sijawahi kosa."

Nikamwambia mambo mawili. Kwanza mimi si daktari, ni fizio, natibu misuli kwa mikono na mazoezi. Pili, mama, hizo kegeli ziache leo.

Maelezo yake nimeyabadilisha na kuyachanganya na ya wengine, kwa hivyo usianze kukisia kama ni jirani yako.

Hii kegeli sasa iko kila mahali. Grupu za WhatsApp za akina mama, TikTok, zile sherehe za kumuaga bibi harusi. Ukizaa, bana. Ukiumwa, bana. Mume akinuna, bana. Na Arnold Kegel mwenyewe hana makosa, alikuwa daktari wa akina mama huko Marekani, na alipoandika kuhusu hayo mazoezi mwaka wa 1948 alikuwa anatibu wanawake ambao misuli imekosa nguvu baada ya kujifungua, wakikohoa mkojo unatoka. Kwa huyo mwanamke kubana ni dawa mpaka leo. Shida ni yule anayekuja akilia uchungu, kwa sababu mara nyingi nikigusa misuli yake nakuta haijalegea hata kidogo, imekaza kama kamba ya kuanika nguo, na mtu amemwambia aikaze zaidi, mara 200, kila siku.

Acha nieleze hiyo misuli iko wapi maana wengi wetu hatujawahi kuelezwa. Chukua leso. Ifunge mbele kwa mfupa wa kinena, ivute mpaka nyuma kwa kifandugu, huku na huku ishikwe na mifupa ya nyonga. Juu ya hiyo leso kumekaa kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo, na katikati kuna njia tatu zinapita, ya mkojo, uke, na ya haja kubwa. Hiyo ndiyo sakafu ya nyonga. Kazi yake ni kubeba, kufunga, na kufungua, na hiyo ya kufungua ndiyo watu husahau. Leso ikilegea sana mzigo unashuka. Ikikazwa sana nayo, kila kinachopita hapo kitapita kwa shida: mkojo unakatika katika, choo kigumu, tampuni haiingii, mume haingii, kipimo cha daktari unapanda ukuta.

Na msuli uliokaza si msuli wenye nguvu. Wale tunaokaa mitaa ambayo maji hupotea tunajua hii vizuri, ukibeba mtungi wa lita 20 kutoka chini mpaka ghorofa ya nne, ukiuweka chini vidole havifunguki mara moja, vimejikunja vyenyewe na vinauma. Sasa fikiria vidole hivyo vimekaa hivyo miaka 3. Halafu mtu akuambie uongeze mtungi mwingine.

Kwa nini unakaza? Sababu ni nyingi na mara nyingi ziko zaidi ya moja. Kuna kuchanika wakati wa kuzaa na kushonwa. Kuna endometriosisi, yaani tishu kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema inakumba karibu mwanamke mmoja kati ya kila 10 wa umri wa kuzaa, na hiyo ukiumwa nayo kila mwezi miaka kumi, mwili unajifunza kujikunja hata siku ambazo hedhi haipo. Kuna maambukizi ya kweli ambayo yalitibiwa yakaisha lakini msuli ukabaki na kumbukumbu. Kuna kulazimishwa, na hapo sihitaji kueleza. Ukiumwa unakaza, ukikaza damu haipiti vizuri, damu isipopita vizuri unaumwa zaidi, na neva nazo zinaanza kupiga kelele kwa kitu kidogo tu kama mshono wa jinzi. Kwa hivyo mtu akikuambia "iko tu kwa akili yako", hapana, iko kwa msuli na kwa neva, na akili nayo imo ndani kwa sababu ni yako na imechoka.

Halafu kuna mambo ya hapa kwetu Nairobi. Umekwama Thika Road masaa mawili, matatu haisongi, umebana mkojo tangu tao. Kesho yake umeogopa, unakojoa kabla ya kutoka ofisini, unakojoa tena ukipita kwa choo cha kulipia, unakojoa tena ukifika, wala hukuwa na haja, ni "isije ikanishika kwa gari". Fanya hivyo miezi sita na kibofu kinazoea kuita kikiwa na kijiko tu. Kwa kawaida mara 6 hadi 8 kwa siku inatosha. Na ile ya kuninginia juu ya choo bila kukalia, ambayo mama zetu walitufundisha kwa nia nzuri kabisa, unakuta mapaja yamekaza, tumbo limekaza, na bado unataka mkojo utoke, sasa utatokea wapi? Pangusa, weka tishu, kalia. Choo cha kuchuchumaa nacho hakina ubaya wowote, kule ushago walikuwa wanajua. Kwa kile cha kukaa tafuta kistuli kidogo uweke miguu juu, magoti yapite nyonga, usisukume, utaona tofauti hata kwa haja kubwa.

Nirudi kwa UTI kidogo maana hii hunikera. Misuli ikikaza karibu na njia ya mkojo inaleta dalili zilezile, kuchoma, haraka, kwenda kila mara. Mtu anaingia duka la dawa, anaeleza, anapewa antibayotiki, anapata nafuu siku mbili (ama anafikiri amepata), inarudi. Wacha mkojo uende maabara uoteshwe kuona kama kuna mdudu, si kile kijiti cha dakika moja peke yake, na kama umeoteshwa mara kadhaa na hakuna mdudu aliyeota basi muulize daktari wako, je, inaweza kuwa misuli? Dawa uliyoandikiwa usikatize mwenyewe, hiyo sijasema. Lakini kuna utafiti Marekani ulitoka 2012, wanawake 81 wenye uchungu wa kibofu na misuli inayouma ukigusa, nusu wakafanyiwa fizio ya ndani na nje, nusu masaji ya kawaida ya mwili mzima, na waliosema wamepata nafuu ya maana walikuwa asilimia 59 kwa fizio, 26 kwa masaji. Si muujiza. Ila si kitu kidogo pia.

Sasa siku ya kwanza kwangu inakuwaje, maana hapo ndipo watu hukwama, mtu anapanga apointimenti mara tatu na mara tatu hatokei.

Nusu ya kwanza ni kuongea. Umevaa nguo zako. Nauliza mambo ambayo hata shosho yako hajawahi kuuliza, unakunywa maji kiasi gani, choo kikoje, uchungu uko mlangoni ama ndani kabisa, unaanza kabla ama baada. Unaweza kulia, tishu ziko. Halafu naangalia mgongo, nyonga, tumbo, kovu la upasuaji kama lipo, na unavyopumua. Wengi hupumua hapa juu kwa kifua, tumbo limevutwa ndani tangu tukiwa wasichana tukiambiwa tukae vizuri. Na pumzi ni nusu ya matibabu yangu: ukivuta hewa kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka, na sakafu ya nyonga inatakiwa ishuke nacho, ifunguke kidogo, ukitoa hewa inarudi juu. Tumbo likifungwa hiyo safari haipo.

Kupima ndani ni hiari, na naisema hivyo kabla hujapanda kitanda. Siku ya kwanza ukisema hapana tunaendelea na mengine, na wapo tuliofika mara ya nne ndio tukapima, na walipona. Ukikubali, ni kidole kimoja, glavu, jeli, hakuna kile chuma cha kufungulia. Ukisema acha, naacha, hapohapo, sikuombi "kidogo tu". Ukitaka mtu akae nawe, dada yako, rafiki, karibu.

Tukisoma tulifundishwa kutumia uso wa saa: mfupa wa kinena ni 12, njia ya haja kubwa ni 6, na ile misuli mikubwa inayobeba unaipata huku karibu na 4 na upande wa pili karibu na 8. Sasa mimi huongea Kiswahili na wagonjwa wangu, kwa hivyo 4 kwangu ni saa kumi. Juzi namwambia huyu mama, "Sasa nagusa saa kumi, niambie uchungu ni ngapi kwa kumi," akaniuliza, "Saa kumi ya alfajiri ama ya jioni?" Tukacheka sote wawili mpaka nikahisi msuli umeachia chini ya kidole changu, ile ya ghafla, kama mtu amefungua ngumi. Nikamwambia, umeskia hiyo? Hiyo ndiyo natafuta. Miaka yote hiyo alikuwa hajui kwamba hapo kunaweza kuachia.

Kuanzia hapo kazi ni ya polepole na kusema ukweli inachosha. Nabonyeza zile sehemu zimefunga fundo, nashikilia, tunapumua pamoja, linayeyuka. Nyumbani unafanya pumzi dakika tano asubuhi na usiku, umelala chali magoti juu, meno yameachana maana ukiuma meno huku chini nako kunashikana. Kuna kujinyoosha, lile pozi la kujikunja kama mtoto amelala kifudifudi, magoti mbali. Kwa wenye vajinismasi, yaani mlango unajifunga wenyewe bila wewe kutaka, tunaanza na kidole chako mwenyewe halafu daileta, ambazo ni vitu laini vya saizi tofauti kutoka kidogo kama kidole hadi kikubwa, na sheria ni moja, hupandi saizi mpaka hii uliyonayo iwe inakuchosha kwa kukosa maana. Wengi tunaonana mara 8 hadi 12. Kubana huja mwishoni, kwa wanaohitaji, baada ya kujua kuachia.

Kuna wale wamepitia ukeketaji, na nasema nao moja kwa moja kwa sababu hukaa nyuma wakidhani hapa si pao. Sheria ya 2011 imeukataza, lakini kwa utafiti wa kitaifa wa 2022 asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamefanyiwa. Kovu naweza kulilainisha, msuli unaojilinda naweza kuufundisha upya. Kama ulishonwa kukafungwa, kufungua ni kazi ya daktari, mimi naingia baadaye. Na hakuna mtu atakuuliza kwa nini hukukataa.

Waume. Huwa nawapigia simu kama mke amekubali, na wengi, niseme ukweli, ni watu wazuri waliochanganyikiwa, wanafikiri wamechukiwa. Nawaambia wiki kadhaa kitu chochote kisiingie, mengine yote yapo, mjue. Anayeuliza "basi itaisha lini?" kabla hajauliza anaumwaje, huyo nampa kiti akae tuongee vizuri.

Si kila uchungu ni wa msuli, na fizio anayekuambia hivyo mkimbie. Ukitoka damu baada ya tendo la ndoa, ama damu imerudi baada ya hedhi kukoma, homa na uchungu wa tumbo la chini, unakonda bila sababu, uvimbe, anza kwa daktari. Ukipoteza hisia pale unapokalia halafu mkojo ukatae kutoka, hiyo ni hospitali usiku huohuo, usingoje Jumatatu.

Fizio yeyote lazima awe amesajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya, mwombe leseni, hakuna haya. Halafu muulize kama amesomea afya ya nyonga ya wanawake, kwa sababu si sote tumeisomea, wengine ni magoti na mgongo na wanafanya hiyo vizuri sana.

Na yale maswali ya usiku wa manane kwa simu nayajibu hapa nilale. Ndio, unaweza kuja ukiwa na hedhi. Ndio, hata kama hujawahi kulala na mwanaume, tutafanya ya nje. Hapana, sihitaji barua ya mume. Na usinyoe kwa sababu yangu, natafuta misuli. Njoo na leso yako kama hupendi shuka zangu.