Lushoto hadi Mtae: yanayosemwa vijiweni na yalivyo

Mtu akitangaza kijiweni kwamba anapanda Lushoto kutembea, washauri hawakosekani, na wengi wao wamekomea Mombo, mji mdogo chini ya mlima, wakila chipsi basi likisubiri abiria. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi kuhusu milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, hasa njia ya kwenda Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima, juu ya mgongo mwembamba kiasi kwamba upande mmoja unachungulia mabonde na mwingine unachungulia nyika.

Dhana: Mlima ni Kilimanjaro, kule kwingine ni vilima tu

Barabara kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi, ikipitia Soni, na katika mwendo huo mfupi unapanda karibu mita 1,000. Masikio yanaziba njiani. Halafu kwa umri, Kilimanjaro hafui dafu. Yule ni volkano, mtoto wa juzi kwa hesabu za miamba. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita, Kenya, ikashuka hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi umeilisha misitu yake unyevu kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo bara lilikauka, ndiyo maana kuna ndege, vyura, vinyonga na maua yasiyopatikana kwingine duniani.

Ua la Saintpaulia, lile dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, asili yake ni huku Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao, na mwaka uliofuata ua likapewa jina lake. Wenyeji walikuwa wakipishana nalo kwenye miamba yenye kivuli tangu enzi na enzi. Watu wanalimwagilia dirishani huko ng'ambo na hawajui Shume, juu huku Usambara, iko wapi.

Dhana: Ni mkoa wa Tanga, kwa hiyo joto

Beba sweta. Ukienda kati ya Juni na Agosti, beba na koti. Ukungu wa asubuhi unaweza kukaa hadi saa nne, na usiku baridi inashuka hadi karibu nyuzi 10. Vijana wanaopanda na kaptula na ndala za Pangani huwa tunawatambua stendi.

Dhana: Ukifika ukingoni unaiona Kilimanjaro

Hapa picha za mtandaoni zimewaponza wengi. Kwanza, kuna kingo mbili zinazochanganywa. Ya Irente, umbali wa kutembea kutoka Lushoto mjini, inatazama kijiji cha Mazinde bondeni, mashamba ya mkonge na nyika inayofuata. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu akae chini, maana ardhi inakatika ghafla miguuni. Ya Mtae iko kaskazini zaidi, na kutoka pale unaona Hifadhi ya Mkomazi na milima ya Upare. Kilimanjaro nayo huonekana, ila ipo zaidi ya kilometa 150 kwa mstari ulionyooka, na vumbi la kiangazi pamoja na mawingu ya mchana vinaifunika bila huruma. Nafasi nzuri ni alfajiri, hasa baada ya mvua kusafisha hewa. Kwa hiyo anayekwenda kiangazi "ili aone vizuri" mara nyingi anaona ukungu wa vumbi, na anayekwenda mwishoni mwa masika anakanyaga matope lakini anaona mbali.

Dhana: Kijani chote kile ni msitu wa asili

Hii ndiyo inayoniudhi. Watu wanasimamisha gari Shume, wanapiga picha kati ya mipaina iliyopangwa mistari, kisha wanaandika "msitu wa Usambara". Lile ni shamba. Mipaina na misaipresi ya Shume imepandwa kwa ajili ya mbao, na itakatwa ikikomaa. Chini yake utakuta majani makavu na kimya.

Msitu wenyewe uko Magamba, juu ya Lushoto. Ukiingia, tofauti unaisikia kabla ya kuiona: hondohondo anapiga kelele juu, matawi yanatikisika kwa mbega wenye manyoya meusi na meupe marefu, maji yanadondoka hata siku isiyo na mvua. Mikulo, miti mikubwa ambayo jina lake la kisayansi limebeba neno Usambara, ilikatwa sana zamani kwa mbao, na iliyobaki imevaa ndevu za kuvumwani. Magamba ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hivyo unahitaji kibali, na Mwafrika Mashariki hatozwi sawa na mgeni wa ng'ambo.

Dhana: Kinyonga ana sumu, ukimkuta njiani rudi nyumbani

Hana sumu. Wala ya mate, wala ya kung'ata, wala ya kuangaliwa. Akitishwa anajaza hewa, anafungua mdomo na kufoka, na hapo ndipo sifa yake mbaya ilipoanzia, nadhani.

Vinyonga wa Usambara Magharibi wanafaa kutafutwa usiku. Mchana utapita mbele yake usimwone. Usiku, mwanga wa tochi ukipita kwenye kichaka, anang'aa mweupe kama karatasi, kwa sababu rangi yake hufifia akilala. Mara nyingi yuko kwenye ncha kabisa ya kijiti chembamba: nyoka akianza kupanda, kijiti kinatikisika naye anaamka. Kuna aina ambayo dume ana pembe mbili bapa puani, zimesimama mbele. Mwangalie, zima tochi, mwache alale. Kumchukua nyumbani ni kosa la kisheria, na mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Dhana: Mwongozaji ni wa Wazungu, sisi tunajua njia

Unajua barabara. Njia za kuunganisha Lushoto, Lukozi, Rangwi na Mtae zinapita katikati ya mashamba ya kabichi, viazi na maharage, zinagawanyika kila baada ya hatua chache, na nyingi zinaishia uani kwa mtu. Mwongozaji wa kijijini anajua ipi ya kisima na ipi ya kijiji cha pili. Anajua pia nani wa kumwamkia kabla ya kukatiza shamba lake.

Dhana: Mlimani hakuna malaria

Inapungua kadiri unavyopanda, lakini haijaisha. Na wengi wanalala Mombo, bondeni, wakisubiri usafiri. Chandarua ni muhimu huko kuliko popote.

Dhana: Siku moja inatosha

Kwa Irente na maporomoko ya Soni, ndiyo. Kwa Mtae, hapana. Kutembea kwa miguu kutoka Lushoto ni siku tatu hadi nne, na Rangwi masista wana nyumba ya kulaza wageni. Anayepanda basi anafika Mtae jua likiwa limeegemea, na basi la kurudi linaondoka alfajiri kungali giza, kwa hiyo asiyelala usiku wa pili hauoni ukingo vizuri. Maliza nauli na mipango ya gesti jioni ileile, na mwambie mwenye nyumba akugongee mlango, maana dereva hasubiri mtu anayepiga mswaki.